Mzigo ulipita, jina likabaki mpakani

Nilimkuta mama mmoja muuza maharage kwenye mpaka mmoja wa nchi zetu hizi, ameketi juu ya kreti ya soda, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Magunia yake sita yalikuwa yamevuka tangu wiki iliyotangulia, lakini hakuyavusha yeye. Alimkabidhi kijana mmoja aliyejulikana pale kama mtu “mwenye karatasi”. Kijana akavusha kwa jina lake, na kila stakabadhi ikaandikwa jina hilo. Sasa mnunuzi wa upande wa pili anasema mama huyo hamjui. Anayemjua ni kijana, na kijana hapokei simu. Mama aliniambia kwamba mzigo wake ulipita vizuri kabisa, ila yeye mwenyewe ndiye hakupita.

Neno hilo limenikaa kichwani. Na kila linaponirudia, ninayemkumbuka si mfanyabiashara wa nafaka. Ni Dalton Trumbo, mwandishi wa filamu wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1976. Bidhaa yake ilikuwa miswada ya filamu, yaani yale maandishi yanayopanga nani aseme nini na kitokee nini kabla kamera haijawashwa. Ukikisoma kisa chake kwa makini, utaona ni kisa cha soko: muuzaji, mnunuzi, dalali, bei na karatasi. Kwa zaidi ya miaka 10 mzigo wa Trumbo uliuzwa, ukasifiwa, hata ukapewa tuzo ambayo watu wa filamu duniani huiota usiku na mchana. Kilichozuiwa mlangoni ni jina lake.

Naomba msomaji wangu, wewe unayeamka saa 10 alfajiri kuwahi foleni ya mpakani, univumilie nikupeleke Hollywood kidogo. Tutarudi.

Kutoka kiwanda cha mikate

Trumbo alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa Montrose, jimbo la Colorado, akakulia Grand Junction katika jimbo hilohilo. Familia ilihamia Los Angeles kutafuta maisha. Muda si mrefu baba akafariki, na kijana akalazimika kuitunza nyumba. Alifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate kwa karibu miaka tisa. Alikuwa akiandika hadithi na riwaya, akizituma, zikirudishwa. Aliingia katika kazi ya filamu katikati ya miaka ya 1930, kwanza kama msomaji wa hadithi za watu wengine katika studio ya Warner Bros., kisha kama mwandishi.

Mwaka 1939 alitoa riwaya ya kupinga vita, Johnny Got His Gun. Mwaka 1940 filamu ya Kitty Foyle ikamfanya ateuliwe kuwania Oscar. Ilipofika katikati ya miaka ya 1940, alikuwa miongoni mwa waandishi wa filamu waliolipwa vizuri kuliko wote Marekani. Mkataba wake ulimwezesha kupata dola 75,000 kwa mswada mmoja, na kwa thamani ya fedha ya siku zile hizo zilikuwa mali ya kununua shamba na kijiji chake.

Mwaka 1943 alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Marekani. Wakati huo Marekani na Umoja wa Kisovyeti zilikuwa upande mmoja dhidi ya Hitler, na kadi ya chama hicho haikuwa kosa. Vita vilipokwisha upepo ukageuka. Rafiki wa jana akawa adui, na aliyekuwa na kadi akaanza kutafutwa.

Oktoba 1947 Trumbo aliitwa Washington mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Aliulizwa kuhusu uanachama wake katika chama cha waandishi wa filamu na katika Chama cha Kikomunisti. Hakutaka kujibu kwa ndiyo au hapana, akishikilia kwamba Katiba haiipi serikali haki ya kumpekua mtu mawazo yake. Wenzake tisa walifanya hivyo pia. Wote 10 wakashitakiwa kwa kulidharau Bunge. Trumbo alifungwa mwaka 1950 katika gereza la Ashland, Kentucky, akakaa humo karibu miezi 10.

Hapa kuna jambo ambalo halihitaji chumvi. Mwenyekiti wa kamati iliyowahukumu, J. Parnell Thomas, naye alitiwa hatiani kwa udanganyifu wa mishahara ya ofisi yake. Alipelekwa gereza la Danbury, Connecticut, na huko wakamkuta wawili kati ya wale 10 aliokuwa amewasimamisha mbele yake.

Kizuizi ambacho hakikuwa sheria

Novemba 1947, kabla hata ya mtu kufungwa, wakuu wa studio walikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria jijini New York na kutangaza kwamba hawatawapa kazi watu hao 10, wala mkomunisti mwingine yeyote wanayemjua. Angalia vizuri hapo. Bunge halikutunga sheria ya kumkataza Trumbo kuandika, na hakuna mahakama iliyotoa amri hiyo. Yalikuwa makubaliano ya wanunuzi wakubwa, na yalitosha kufunga soko zima. Orodha ya waliokatazwa ilianza na 10, ikaongezeka hadi kufikia mamia.

Mfanyabiashara wa mpakani anakijua kizuizi cha namna hii. Katika Jumuiya yetu tunakiita kikwazo kisicho cha kiforodha. Ukiuliza kimeandikwa wapi, hakuna anayekuonyesha. Ukiuliza nani aliamua, kila mtu anamnyooshea kidole mwenzake. Lakini lori limesimama, na nyanya zinaoza.

Je, studio ziliacha kununua miswada ya watu hao? Hapana. Hapa ndipo kisa kinapokuwa cha biashara hasa. Filamu bado zilihitajika, waandishi wazuri hawakuwa wengi, na watu waliokatazwa walikuwa na njaa. Mlango wa mbele ukafungwa, wa nyuma ukafunguliwa. Likazaliwa soko la magendo la miswada, lenye njia zake za panya, madalali wake na bei zake.

Bei ilishuka kupita kiasi. Mwandishi wa dola 75,000 alichukua kama dola 3,750 kwa mswada wa filamu ya Gun Crazy, iliyotoka mwaka 1950 ikiwa na jina la mwenzake Millard Kaufman. Gawanya mwenyewe: ni sehemu moja ya 20. Mkono wake ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa mnunuzi alijua muuzaji hana pa kwenda. Wazalishaji wadogo waliojulikana kama King Brothers walipata mwandishi ambaye, kama angekuwa na jina lake, wasingeweza kumlipa hata wangeuza viti vya ofisi.

Bei ikishuka hivyo, kinachobaki ni kuongeza wingi wa mzigo. Baada ya kifungo Trumbo alihamia Mexico pamoja na mkewe Cleo na watoto watatu, akakaa huko hadi mwaka 1954, kisha akarudi California. Aliandika usiku na mchana, mara nyingi akiwa ameketi ndani ya beseni la kuogea, ubao mbele yake, kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Katika miaka ya marufuku aliandika miswada ipatayo 30 kwa majina ya bandia au ya kuazima.

Hata mipaka ya nchi ilitumika. Ring Lardner Jr., mmoja wa wale 10, alinyimwa pasipoti. Yeye na Ian McLellan Hunter walikaa New York wakaandika vipindi vya televisheni vya The Adventures of Robin Hood, ambavyo vilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1955 na mzalishaji Hannah Weinstein, Mmarekani aliyehamia huko. Miswada ilivuka bahari kwa jina la bandia, ikawa filamu Uingereza, kisha filamu hizo zikarudi Marekani na kuonyeshwa na kituo cha CBS. Familia za Marekani zilikaa sebuleni zikifurahia kazi ya mtu ambaye studio za nchi yake zilikataa kumwajiri. Mtumwa wa panya route anaielewa safari hiyo: bidhaa inatoka nyumbani, inazunguka, inarudi nyumbani na bei nyingine na mwenyewe mwingine.

Tuzo iliyokosa mwenyewe

Mwaka 1953 ilitoka filamu ya Roman Holiday, kisa cha binti mfalme anayetoroka itifaki kwa siku moja jijini Roma. Hadithi ilikuwa ya Trumbo. Jina lililoandikwa lilikuwa la Hunter, rafiki yake, ambaye naye baadaye aliingia katika orodha ya waliokatazwa. Hunter alikuwa muungwana, kwani fedha za hadithi alizipokea akamfikishia mwenyewe. Filamu ilishinda Oscar ya hadithi bora, na tuzo ikaandikwa Hunter.

Wapo watakaosema, basi kuna shida gani, si alilipwa? Swali langu ni hili: kama Hunter asingekuwa muungwana, Trumbo angemshitaki wapi? Angesimama mbele ya hakimu gani na kusema mswada ule ni wangu, wakati kusema hivyo kungeua filamu yenyewe na kumfukuzisha kazi rafiki aliyemsaidia? Biashara inayotegemea uungwana wa dalali ni kamari. Siku utakapokutana na asiye muungwana, huna kwa kukimbilia. Mama wa maharage alikutana naye.

Kilele cha aibu kilikuwa Machi 1957. Tuzo ya hadithi bora ilikwenda kwa filamu ya The Brave One, kisa cha mtoto wa Mexico na fahali wake, na mshindi akatangazwa kuwa Robert Rich. Hakuna Rich aliyesimama. Kiongozi mmoja wa chama cha waandishi alipanda jukwaani kupokea kwa niaba yake, akaeleza kwamba mwenzao yuko na mkewe anayejifungua. Kesho yake watu wakaanza kumtafuta Rich. Katika daftari za chama hayumo, na mwandishi wa jina hilo hakuna anayemjua. Trumbo ndiye aliyekuwa Rich, na waandishi wa habari walipompigia simu hakukubali wala hakukanusha.

Mwaka uliofuata mambo yalizidi. Tuzo ya mswada wa The Bridge on the River Kwai alipewa Pierre Boulle, Mfaransa aliyeandika riwaya ambayo filamu ilitokana nayo. Mswada ulikuwa wa Kiingereza, na Boulle hakuwa mtu wa kuandika Kiingereza. Waandishi wenyewe, Carl Foreman na Michael Wilson, walikuwa katika orodha ya waliokatazwa.

Jinsi alivyotoka

Sasa tufike kwenye hoja yangu. Trumbo angeweza kutoka mapema kwa njia moja iliyojulikana na wote: kwenda mbele ya kamati, kutubu na kutaja majina ya wenzake. Wengine walifanya hivyo na wakarudi kazini. Yeye alikataa. Pia angeweza kuzoea njia ya panya, akajenga nyumba humo, akaridhika na dola zake za kichinichini. Hilo nalo alilikataa.

Alichofanya ni kulijaza soko. Alichukua kazi nyingi kadiri alivyoweza, akawagawia wenzake waliokatazwa zile zilizomzidi, mpaka ikafika mahali watu wa Hollywood wakitazama filamu nzuri huulizana kama si ya Trumbo. Alipoulizwa hakusema ndiyo wala hapana, hata kwa kazi ambazo hazikuwa zake. Uvumi ukawa silaha. Kila mtu akajua kwamba marufuku ile ni ya mdomoni tu, na kwamba wanaoitangaza mchana ndio wanaonunua usiku. Kikwazo kinachochekwa na kila mtu hakidumu. Januari 1959 waandaaji wa Oscar wakafuta kanuni yao iliyowanyima tuzo watu wa orodha, na mwezi huohuo Trumbo akasema hadharani kwamba Robert Rich ni yeye.

Ila alihitaji pia wanunuzi wenye ujasiri. Januari 1960 mwongozaji Otto Preminger alitangaza kwamba mswada wa Exodus umeandikwa na Trumbo na jina lake litaonekana. Mwigizaji Kirk Douglas, ambaye kampuni yake ilikuwa inatengeneza Spartacus kwa mswada wa Trumbo chini ya jina la Sam Jackson, naye akaliweka jina la kweli. Filamu hizo zote zilitoka mwaka 1960. Chama cha maveterani cha American Legion kiliandamana nje ya majumba ya sinema. Rais John F. Kennedy, akiwa ndiyo kwanza ameapishwa, aliwapita waandamanaji, akaingia na kuitazama Spartacus. Baada ya hapo kuendelea kuikataza orodha kukawa kama kufunga mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

Trumbo alifanya kazi kwa jina lake mpaka mwisho: Lonely Are the Brave mwaka 1962, Papillon mwaka 1973, na riwaya yake ya mwaka 1939 aliigeuza filamu na kuiongoza mwenyewe mwaka 1971.

Nasema nini kwako

Simgeuzi kuwa malaika. Chama alichojiunga nacho kilifumba macho mbele ya ukatili wa Stalin, na kuhusu hilo Trumbo ana lake la kujibu. Wala siwaambii wasomaji wangu wakwepe forodha kwa kuwa yeye alipita mlango wa nyuma. Ukaguzi wa ugonjwa wa mahindi au wa dawa bandia una sababu, na anayeukwepa anamwumiza jirani yake. Ninachosema ni hiki: kikwazo kisicho na sababu hakiui biashara. Kinaificha. Na biashara ikifichwa, anayepoteza kwanza ni mwenye mali, si aliyeweka kikwazo wala dalali.

Pili, hasara ya njia ya panya haihesabiwi kwa bei ya leo peke yake. Trumbo alipata dola chache, lakini alichokosa zaidi ni historia. Kila filamu iliyofanikiwa ilimjengea sifa mtu mwingine au mtu asiyekuwepo. Mfanyabiashara anayevusha kwa jina la mwenzake kwa miaka 10 anamaliza miaka hiyo akiwa mgeni mbele ya benki, mbele ya wanunuzi wakubwa na mbele ya ofisi ya kodi. Kijana mwenye karatasi ndiye anayekopesheka, kwa rekodi ya magunia ambayo hakuyalima, hakuyanunua na hakuyabeba.

Tatu, njia halali ikiwepo, itumie hata kama ni nyembamba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Cheti hicho hutolewa palepale mpakani na kinaandikwa jina lako. Hakikuondolei vibali vingine, kama vya afya ya mimea, lakini magunia sita ya maharage yanaingia humo na nafasi inabaki. Ukiambiwa hakipo, uliza tena. Ukiambiwa mara ya pili, nendeni watano, nendeni kumi, nendeni kama chama cha wafanyabiashara. Trumbo hakutoka peke yake.

Na kwa wakubwa wanaoketi kwenye mikutano ya ushirikiano wa kanda: msijisifu kwa takwimu za mizigo iliyopita. Ulizeni mizigo hiyo imepita kwa majina ya nani.

Oscar ya The Brave One, Trumbo alikabidhiwa mwaka 1975, miaka 18 baada ya kutangazwa, akiwa mgonjwa na amebakiwa na mwaka mmoja na ushei wa kuishi. Ya Roman Holiday alipokea mkewe Cleo mwaka 1993, mume akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 2011 ndipo chama cha waandishi kilipomrudishia rasmi jina lake katika filamu hiyo, miaka 58 tangu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza.

Mama wa maharage hana miaka 58 ya kusubiri. Ana watoto shuleni na deni la mtaji. Nilipomwaga alikuwa ameikunjua ile karatasi tena, akiitazama kama mtu anayetumaini kwamba maandishi yatabadilika. Nilimwonyesha dirisha la cheti. Aliniuliza kama kweli wanaandika jina la mtu kama yeye. Nikamwambia ndiyo, mama, ila hakikisha hawakosei herufi.